Kisigino Kinapogoma Alfajiri

Katika viunga vya Washington, siku ya kazi ya Waafrika Mashariki wengi huanza giza halijatoka. Anayelea wazee Silver Spring anawahi shifti ya saa moja asubuhi. Anayetandika vitanda vya hoteli Arlington, anayepakia mizigo uwanja wa ndege wa Dulles, anayepika katika kantini ya shule Hyattsville, wote watasimama juu ya sakafu ngumu kwa saa nane, na mwenye shifti mbili kwa saa kumi na sita. Miongoni mwao wapo ambao hatua ngumu kuliko zote za siku ni ile ya kwanza kutoka kitandani. Kisigino kinachoma kwa chini, upande wa ndani, hadi mtu anashika ukuta. Akitembea kidogo maumivu yanalegea, naye anaondoka akidhani yamekwisha. Akiketi kula chakula cha mchana kisha akainuka, yanarudi.

Madaktari huuita ugonjwa huu plantafashaitisi, na ndio chanzo kikuu cha maumivu ya chini ya kisigino kwa watu wazima. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya kumi huupata wakati fulani wa maisha yake, hasa kati ya miaka 40 na 60, na kwamba hapa Marekani watu wapatao milioni mbili hutibiwa kila mwaka. Katika miaka ishirini na mitano iliyopita zimeongezeka tiba mpya: mashine za mawimbi, sindano za damu ya mgonjwa mwenyewe, mazoezi yaliyopimwa kwa majaribio. Matangazo yake yamejaa. Ni vizuri tujue ni ipi kati ya hizo imethibitishwa, kwa kiasi gani, na mtu mwenye mshahara wa saa aanzie wapi.

Tuanze na mguu wenyewe. Chini ya unyayo kuna utando mnene wa nyuzi, uitwao fashia, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kuishia kwenye mashina ya vidole. Mwaka 1954 ulichapishwa ufafanuzi mzuri wa kazi yake: vidole vinapoinuka, hasa dole gumba, fashia inakazwa, upinde wa unyayo unanyanyuka, na mguu unakuwa imara kiasi cha kuusukuma mwili mbele. Unaweza kuhakikisha hapo ulipo. Keti, pandisha mguu mmoja juu ya goti la mwingine, vuta dole gumba kuelekea muundi, kisha papasa chini ya upinde kwa vidole vya mkono wa pili. Utausikia utando umekaza chini ya ngozi. Kazi hiyo hufanyika kila hatua, maelfu ya mara kwa siku. Usiku, tukilala, mguu huinama kwa chini na fashia hujikunja. Hatua ya kwanza ya alfajiri huivuta ghafla. Ndiyo maana kitanda, ambacho tunakitarajia kitupumzishe, hufuatwa na maumivu makali.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba fashia imevimba na kuwaka, kama kidonda kinavyowaka, na tiba zote zikaelekezwa huko: dawa za kupunguza uvimbe, barafu, steroidi. Mwaka 2003 ukachapishwa uchunguzi wa vipande vya fashia vilivyotolewa kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji. Chini ya hadubini haikuonekana ile halaiki ya seli za uvimbe iliyotarajiwa. Kilichoonekana ni nyuzi zilizochakaa na kuvurugika mpangilio. Mtu wa pwani anaweza kufikiria kamba ya nanga inapoanza kufumuka pale inaposuguana na mwamba, ila kuna tofauti moja kubwa: kamba haijitengenezi, na fashia hujitengeneza, polepole, ikipewa mzigo unaoimudu na muda wa kutosha. Wagonjwa hao 50 walikuwa wa muda mrefu, waliofikia kisu, kwa hiyo si haki kudai kwamba uvimbe haupo kabisa siku za mwanzo. Hata hivyo fikra ilibadilika, na tiba zikaanza kutafutwa upande wa kujenga upya.

Kuna jambo jingine linalowatisha watu bure. Eksirei ya kisigino mara nyingi huonyesha kijiti cha mfupa kimechomoza kwa chini, na mgonjwa huondoka akiamini kuna mwiba ndani unaomchoma. Kijiti hicho huonekana pia kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote, na wenye maumivu hupona nacho kikiwa palepale. Ukiambiwa unacho, usikimbilie kutaka kikatwe.

Nani yuko hatarini? Mwaka huohuo wa 2003 walilinganishwa wagonjwa 50 na watu 100 wasio na ugonjwa. Waliosimama sehemu kubwa ya siku kazini walikuwa na uwezekano mkubwa mara tatu na nusu hivi. Wenye uzito mkubwa sana, zaidi ya mara tano. Lakini waliotia fora ni wale ambao kifundo cha mguu hakikuweza kukunja unyayo kuja juu, kwa sababu shavu la mguu limekaza: zaidi ya mara ishirini. Idadi ya waliochunguzwa ilikuwa ndogo na namba hizi zisichukuliwe kama vipimo vya mwisho. Mimi nazisoma kwa matumaini, kwa kuwa kati ya mambo matatu hayo, kubwa kuliko yote ni lile ambalo mtu anaweza kulishughulikia kila siku akiwa nyumbani kwake, bila kubadilisha kazi na bila kupunguza kwanza kilo ishirini. Wakimbiaji nao wamo, wakiwemo wanaojiandaa kwa maratoni ya Oktoba kule Arlington na kuongeza kilomita haraka kuliko mguu unavyoweza kuzoea.

Zoezi la kuanzia ni lile tulilolifanya hapo juu, la kuvuta vidole. Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 101 waliokuwa wameteseka kwa miezi kumi au zaidi. Kundi moja lilinyoosha shavu la mguu kwa kuegemea ukuta, jingine likavuta vidole na kuinyoosha fashia yenyewe. Baada ya wiki nane kundi la pili lilikuwa na nafuu kubwa zaidi, hasa katika zile hatua za kwanza za asubuhi. Miaka miwili baadaye walipofuatiliwa, walio wengi walikuwa wameridhika na hali zao. Namna ya kulifanya: kabla hujakanyaga sakafu, vuta vidole kuelekea muundi, shikilia kwa kuhesabu kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, ya kwanza ikiwa kitandani, na nyingine kabla ya kuinuka baada ya kukaa muda mrefu. Dereva wa teksi aliyesubiri abiria uwanja wa ndege wa Reagan kwa saa nzima alifanye ndani ya gari kabla ya kushuka kufungua buti.

Waislamu wataona kwamba mkao wa tahiyatu, mguu wa kulia ukiwa umesimamishwa na vidole vimekunjwa, huivuta fashia hiyohiyo. Mwenye maumivu makali asijilazimishe. Kiti kinaruhusiwa kwa mgonjwa. Yanapopungua, ataurudia mkao wake taratibu.

Kisha likaja wazo la kuipa fashia mzigo. Jaribio dogo la Denmark, watu 48, liliwataka wagonjwa wasimame kwenye ngazi kwa mguu mmoja, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole, wachuchumie kwa sekunde tatu, wabaki juu kwa mbili, washuke kwa tatu. Walifanya siku moja na kupumzika moja, wakiongeza uzito kwa begi la vitabu mgongoni. Katika mwezi wa tatu walikuwa mbele kwa umbali mkubwa kuliko walionyoosha tu. Habari hiyo ilienea haraka na wengi wakaona dawa imepatikana. Kilichosemwa kidogo ni kwamba mwezi wa kumi na mbili makundi yote mawili yalikuwa sawa. Mwaka 2023 likachapishwa jaribio kubwa zaidi, pia la Denmark, la watu 180: wote walipewa ushauri na kikombe laini cha kukingia kisigino, baadhi wakaongezewa mazoezi hayo mazito, wengine mazoezi pamoja na sindano ya steroidi. Baada ya wiki 12 tofauti kati yao ilikuwa ndogo.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu linafundisha namna ya kusoma habari za tiba. Jaribio dogo hufungua mlango. Jaribio kubwa hutuambia upana wake. Mazoezi ya kuchuchumia bado ni salama kwa watu wengi, hayana gharama, na huimarisha mguu mzima. Anayeyapenda ayafanye. Anayeona yanamzidishia maumivu kwa zaidi ya siku moja apunguze uzito au arudi kwenye kunyoosha, bila kujilaumu. Ngazi za umeme si mahali pake, hata zile ndefu za kituo cha treni cha Wheaton zenye mita 70. Tumia ngazi ya nyumbani yenye mahali pa kushika.

Viatu vinastahili neno. Sisi huvua viatu mlangoni, na nyumba za huku nyingi zina sakafu ya mbao au vigae. Mwenye kisigino kibovu hutoka kwenye raba za kazini na kukanyaga sakafu ngumu kwa mguu mtupu, jioni nzima, akipika na kuogesha watoto. Atenge champali za ndani tu, zenye soli nene na kishikilio kizuri, zisizokanyaga nje. Desturi inabaki na mguu unakingwa. Kuhusu soli za ndani ya kiatu, zile zinazochongwa kwa kipimo cha mtu hufikia mamia ya dola. Jaribio la Australia la watu 135, lililochapishwa 2006, halikuona kwamba zinazidi zile zilizotengenezwa tayari, na faida ya zote mbili ilikuwa ndogo na ya muda mfupi. Anza na za dukani.

Kukandwa kwa maji ya moto na chumvi kunafariji, nami sioni ubaya wake, isipokuwa kwa jambo moja. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayo asipime joto la maji kwa mguu. Wazee wetu wengi wameungua hivyo na vidonda vikakataa kupona.

Sindano ya steroidi ndiyo tiba ambayo wagonjwa huiomba sana, kwa sababu mtu anataka arudi kazini Jumatatu. Inatuliza kweli, lakini si kwa muda mrefu: katika jaribio la watu 82 lililochapishwa 2012, nafuu yake ilionekana wiki ya nne, na ilipofika ya nane haikuonekana tena. Hatari yake, ingawa haiwapati wengi, ni nzito. Fashia inaweza kukatika, au mto wa mafuta ulio chini ya kisigino ukanyauka, na mto huo haurudi. Sindano moja kwa sababu ya msingi si kosa. Kuzirudiarudia ili usikose shifti ni kukopa kwa riba kubwa mno.

Tufike kwenye mashine. Mawimbi ya mshtuko yalianza kutumika kuvunja mawe ya figo. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Munich mwaka 1980. Baadaye ikaonekana kwamba yakipunguzwa nguvu na kuelekezwa kwenye kano zilizochakaa, yanaweza kuamsha tishu ijirekebishe na kupunguza hisia ya maumivu. Mwaka 2000 mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, ambayo leo ofisi zake ziko White Oak, Silver Spring, jirani kabisa na majengo wanamoishi Waafrika wengi, iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina hiyo kwa ajili ya kisigino. Muda mfupi baadaye, 2002 na 2003, majaribio mawili makubwa ya Australia na Ujerumani hayakuona faida kuliko mashine ya kuigiza, ile inayolia na kutikisika bila kutoa tiba. Watafiti walibadilisha aina ya mawimbi, kiwango cha nguvu na uteuzi wa wagonjwa. Mwaka 2008 jaribio la wagonjwa 245 wa muda mrefu likatoa jibu bora: wiki 12 baada ya tiba, asilimia 61 ya waliopata mawimbi halisi walikuwa wamefanikiwa, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata ya kuigiza.

Namba hizo mbili zinafaa kutazamwa pamoja. Sita kati ya kumi ni habari njema kwa mtu aliyehangaika mwaka mzima. Lakini wanne kati ya kumi walipata nafuu bila mawimbi yoyote, kwa muda kupita, kwa matumaini, kwa uangalizi wa mtu aliyewasikiliza. Kwa hiyo faida ya mashine yenyewe ni ile tofauti iliyobaki, takriban watu wawili katika kila kumi. Inatosha kuipa nafasi yake: baada ya kunyoosha, kukinga na kusubiri kwa miezi mitatu hivi bila mabadiliko. Haitoshi kuifanya ya kwanza. Hufanywa kwa vipindi kadhaa, huuma wakati wa kufanywa, na bima nyingi za hapa haziilipii.

Sindano ya damu ya mgonjwa mwenyewe, iliyozungushwa kwenye mashine ili kukusanya chembe sahani, nayo inakua. Jaribio la Uholanzi la wagonjwa 115, lililochapishwa 2019, liliona kwamba baada ya mwaka mmoja waliodungwa damu hiyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliodungwa steroidi. Majaribio mengine hayakubaliani yote, na namna za kuitayarisha hutofautiana kutoka kliniki hadi kliniki. Ni ya kuitazama kwa hamu, bila kuuza gari. Upasuaji ni wa wachache sana walioshindikana kwa kila njia.

Muda ndio sehemu ngumu kuieleza kwa mtu mwenye maumivu. Walio wengi hupata nafuu ndani ya mwaka, hata kwa tiba za kawaida. Wapo wanaobaki na maumivu kwa miaka, hasa wale waliokuwa wabaya kiasi cha kupelekwa kwa madaktari bingwa. Anayeanza leo apime maendeleo yake kwa majuma, asiyapime kwa siku. Kila Jumapili aandike hatua za kwanza za asubuhi zimeuma kiasi gani, sifuri hadi kumi. Katika wiki ya sita daftari litaonyesha kitu ambacho kumbukumbu ingekificha.

Kuna maumivu ya kisigino ambayo si haya. Ganzi au kuwashwa kama umeme, maumivu yanayozidi usiku ukiwa umelala, homa, uvimbe mwekundu, kisigino kilichoanza kuuma ghafla baada ya kuruka au kuanguka, visigino viwili kwa pamoja kwa kijana mwenye mgongo unaokakamaa asubuhi: hayo yote yanamtaka daktari mapema. Mtoto wa miaka kumi anayelalamikia kisigino baada ya mpira ana tatizo la aina nyingine, la mfupa unaokua, na asipewe mazoezi haya ya watu wazima bila kuonwa.

Nyumbani Afrika Mashariki mashine za mawimbi hazipo katika zahanati za kata, wala sitegemei ziwepo karibuni. Jambo linalonipa moyo ni kwamba sehemu iliyothibitishwa vizuri zaidi ya tiba hii haihitaji umeme. Mama lishe anayesimama jikoni tangu alfajiri anaweza kuvuta vidole vyake kitandani. Mkulima anaweza kufanya hivyo kwenye kivuli kabla ya kushika jembe tena. Mwanafunzi wa uuguzi, anayezunguka wodi kutwa, ajifunze mapema, maana atawafundisha wengine. Mvuvi anayesukuma chombo kwa miguu mitupu kwenye mchanga ulioinama ana shida yake: sehemu ya mchanga mgumu, ulio sawa, itamtesa kidogo kuliko ule wa mteremko.

Kwa wakazi wa Maryland, Virginia na Washington yenyewe, sheria zinaruhusu, kwa viwango tofauti, kumwona mtaalamu wa fiziotherapia bila kupitia kwanza kwa daktari, ingawa bima inaweza kudai rufaa. Piga simu uulize kabla. Asiye na bima atafute vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato. Mwajiri aombwe zulia la mpira pale mtu anaposimama mahali pamoja, na ruhusa ya kuketi dakika chache kila saa. Ombi likiambatana na barua ya mtabibu hupokelewa vizuri zaidi. Na yule ambaye miezi mitatu imepita bila nafuu na sasa anapelekwa kwenye mashine au sindano ya damu, aulize mambo manne: imehakikishwaje kwamba ni fashia, ni vipindi vingapi, nini kitafanyika isiposaidia, na gharama yote ni kiasi gani. Jibu la hilo la mwisho alipate kwa maandishi kabla ya kipindi cha kwanza.